Mcheza Kwao Hutunzwa: Je, Anayejilipia Hutunzwa na Nani?

Waswahili husema kwamba mcheza kwao hutunzwa. Maana ya methali hii ni bayana: anayeingia uwanjani mbele ya watu wake hupata wa kumfuta jasho, na aghalabu hupata pia wa kumtuza. Hata hivyo, kuna uwanja mmoja katika vyuo vidogo vya Marekani ambako mambo yamepinduka. Huko mchezaji hucheza kwao, hushangiliwa na watu wa kwao, kisha hulipa yeye mwenyewe. Hali hii inastahili kujadiliwa kwa makini, kwa sababu ndani yake mna swali linalomhusu kila kijana anayeitafuta elimu kupitia mchezo: chuo kinapomwita, kinamwita kwa ajili yake au kwa ajili ya karo yake?

Mchezo unaozungumziwa hapa si kandanda. Ni futiboli ya Kimarekani, mchezo wa mpira wenye umbo la yai ambao una ujamaa na raga zaidi kuliko soka. Msomaji aliyewahi kuwatazama vijana wa Mean Machine ya Chuo Kikuu cha Nairobi wakimenyana na wenzao wa Blak Blad ya Chuo Kikuu cha Kenyatta anaweza kuukisia, ila aongeze helmeti, pedi za mabega na kikosi kikubwa mno, maana wachezaji 11 hushambulia, 11 wengine hulinda, na wengine wengi husubiri zamu zao pembeni.

Futiboli ya vyuo ina nyuso mbili. Uso wa kwanza ndio uliozoeleka ulimwenguni: viwanja vyenye kuchukua watu zaidi ya 100,000, mikataba ya televisheni na makocha wanaolipwa mamilioni ya dola. Tangu Julai 2025, kufuatia mapatano ya kesi yaliyoidhinishwa na mahakama mwezi uliotangulia, vyuo vya daraja hilo la juu viliruhusiwa hata kuwagawia wanamichezo sehemu ya mapato moja kwa moja, hadi kiasi cha takriban dola milioni 20.5 kwa kila chuo katika mwaka wa kwanza. Uso wa pili hauonekani sana kwenye televisheni, nao ndio unaohusika na makala haya. Ni uso wa Daraja la Tatu.

Chama cha kitaifa kinachosimamia michezo ya vyuo, NCAA, kilianzishwa mwaka 1906. Mwaka 1973 kiliwagawa wanachama wake katika madaraja matatu. Daraja la Kwanza lina ufadhili kamili wa kimichezo, na Daraja la Pili lina ufadhili wa kiasi. Daraja la Tatu, ambalo lina vyuo zaidi ya 400 na ndilo kubwa kuliko yote, halina ufadhili huo kabisa. Takriban vyuo 240 kati ya hivyo vina timu za futiboli. Vingi ni vya kibinafsi, vina wanafunzi kati ya 1,000 na 3,000, na vimetawanyika katika miji midogo ya Ohio, Minnesota, Pennsylvania, Iowa na kwingineko. Msaada wa karo upo, lakini sharti utolewe kwa kuangalia uhitaji wa familia au ubora wa mwanafunzi darasani. Kipawa cha mchezo hakiruhusiwi kuingia katika hesabu hiyo. Aidha, vyuo hutakiwa kutoa taarifa za msaada unaowafikia wanamichezo, ili ibainike kwamba hawakupendelewa kuliko wanafunzi wenzao.

Kwa nadharia, basi, hapa ndipo mahali ambapo mchezo ungali mchezo. Mwanafunzi huja kusoma na, akipenda, hucheza. Fahari hii hutangazwa katika vitabu vya chuo, katika hotuba za makocha na katika barua wanazotumiwa wazazi. Fahari hiyo si ya uongo. Kosa ni kudhani kwamba kauli ya "hakuna ufadhili" ni sawa na kauli ya "hakuna fedha". Fedha zipo. Zimebadilisha mwelekeo tu.

Kabla ya kuzifuata fedha hizo, ni haki kuanza na fadhila za mfumo wenyewe, kwani asiyetaja jema la kitu hana haki ya kulitaja baya lake. Kila mwaka katikati ya Agosti, wakati wanafunzi wengine wangali makwao, mabweni ya vyuo hivi hufunguliwa kwa ajili ya kikosi cha futiboli. Vijana wa mwaka wa kwanza hufika na wazazi wao, magari yamesheheni mablanketi na masanduku. Kwa mujibu wa kanuni ambazo NCAA ilizianzisha mwaka 2003 ili miili izoee joto, mazoezi ya siku za mwanzo hufanywa kwa helmeti pekee. Pedi za mabega huongezwa baadaye, na vifaa vyote huvaliwa baada ya siku hizo za kuzoea kwisha. Asubuhi ni uwanjani. Mchana ni kwenye chumba cha kutazamia kanda za mechi. Jioni ni mikutano au uwanjani tena. Wote hula pamoja katika ukumbi ambao haujajaa. Kijana aliyetoka shamba la mahindi la Iowa hulala chumba kimoja na aliyetoka mtaa wa Chicago, na kabla ya mhadhara wa kwanza kutolewa tayari wana rafiki na mzee wa kuwasikiliza, yaani kocha. Si haba kwa kijana wa miaka 18 aliye mbali na kwao.

Fauka ya hayo, kijana huyu ana kitu ambacho mwenzake wa Daraja la Kwanza kwa miaka mingi hakuwa nacho: uhuru wa kuacha. Mwaka huohuo wa 1973, NCAA iliamuru kwamba ufadhili wa kimichezo utolewe kwa mwaka mmoja mmoja, na ni mwaka 2012 tu ambapo ufadhili wa miaka kadhaa uliruhusiwa tena. Katika kipindi hicho kirefu, mchezaji aliyevunjika goti au aliyemchukiza kocha alijua kwamba barua ya kuongezewa mwaka huenda isije. Katika Daraja la Tatu msaada wa karo haukufungwa kwenye mguu wa mtu. Akivunjika leo, msaada wake ungalipo kesho. Akigundua kwamba maabara ya kemia inamwita kwa sauti kubwa kuliko uwanja, anaweza kurudisha helmeti, akapeana mkono na kocha na kubaki mwanafunzi yuleyule mwenye msaada uleule. Huu ni uhuru wa kweli, na yeyote anayependekeza kwamba vyuo vidogo viige vile vikubwa kwa kuanza kutoa ufadhili wa kimichezo anapaswa kwanza kueleza uhuru huu utakwenda wapi.

Mfano wa kocha aliyeufahamu uhuru huu ni marehemu John Gagliardi. Alifundisha katika chuo cha Saint John's, kilichoasisiwa na watawa wa Kibenedikti huko Collegeville, Minnesota, tangu mwaka 1953 hadi 2012. Pamoja na ushindi aliouanza katika chuo cha Carroll huko Montana, alistaafu akiwa na ushindi wa mechi 489, idadi ambayo hakuna kocha mwingine wa futiboli ya vyuo aliyewahi kuifikia kabla yake. Aliyapata hayo kwa njia zilizowashangaza wenzake. Hakuruhusu wachezaji kuangushana chini mazoezini. Hakutumia filimbi. Hakutaka kuitwa kocha, bali John. Wala hakumtimua kijana aliyetaka kubaki kikosini, hata kama kikosi kilijaa pomoni. Mwaka 2003 vijana wake waliwashinda Mount Union ya Ohio kwa alama 24 kwa 6 katika fainali ya taifa, na hivyo kuukomesha mfululizo wa ushindi wa mechi 55 wa wapinzani hao. Yakini, mchezo usio na ufadhili unaweza kuwa na hadhi kamili.

Lakini mgema akisifiwa sana tembo hulitia maji, na maji yaliyotiwa katika tembo hili yana jina: karo. Katika mwaka wa masomo wa 2024/2025, wastani wa karo iliyotangazwa na vyuo vya kibinafsi vya miaka minne nchini Marekani ulikuwa takriban dola 43,350, kabla ya chakula na malazi. Ni wachache wanaolipa kiasi hicho kizima. Kwa wastani mwanafunzi wa mwaka wa kwanza hupunguziwa zaidi ya nusu. Hata hivyo, kinachosalia si kidogo, na chuo kidogo ambacho hakina akiba kubwa huishi kwa hicho kinachosalia. Vijana waliomaliza shule za upili wamepungua katika majimbo mengi ya kaskazini-mashariki na katikati ya nchi, na wanaume ndio wanaokwepa vyuo kuliko wanawake. Rais wa chuo anapotafuta mbinu ya kuwavuta wanaume 100 kwa pamoja, hakuna mbinu inayomkaribia futiboli.

Hesabu yake haihitaji mtaalamu. Ichukuliwe kwamba kijana mmoja, baada ya kupunguziwa, hulipa dola 20,000 kwa mwaka. Vijana 100 wa aina hiyo huleta dola milioni 2. Kutoka humo toa mishahara ya makocha, vifaa, mabasi na matengenezo ya uwanja. Kinachobaki ni cha chuo. Katika Daraja la Kwanza chuo humlipia mchezaji ili acheze. Katika Daraja la Tatu mchezaji hukilipa chuo ili acheze. Huo ndio ufadhili uliopinduliwa juu chini, na ambaye hajautanabahi hajauelewa mfumo huu.

Wapo waliousema ukweli huu waziwazi, na wanastahili shukrani kwa uwazi wao. Jeffrey Docking, aliyekuwa rais wa chuo cha Adrian huko Michigan kuanzia mwaka 2005, alikikuta chuo kikiwa na wanafunzi wasiofika 1,000. Alijenga viwanja, akaongeza timu na kumpa kila kocha idadi ya wanafunzi anaopaswa kuwaleta. Katika muda wa miaka michache idadi ya wanafunzi ilikaribia kuongezeka maradufu, na mwaka 2015 alichapisha kitabu cha kuvieleza vyuo vingine namna ya kujiokoa. Vyuo vingi vilifuata njia hiyo au vilikuwa vimekwisha kuianza. Mwaka 2013 pekee, Hendrix ya Arkansas iliirejesha futiboli iliyokuwa imezimika tangu mwaka 1960, na Berry ya Georgia ikaianzisha.

Haifai kumlaumu rais anayejitahidi kuokoa ajira za wahadhiri wake. Chuo kikifungwa, hata maktaba hufungwa. Tatizo linaanza pale kocha anapogeuzwa ajenti wa mauzo bila mnunuzi kuambiwa. Kocha aliyepewa idadi ya vijana 60 wa kuwaleta kila mwaka atapiga simu nyingi, atatembelea shule nyingi na atawakaribisha wengi chuoni. Kila mmoja ataambiwa kwamba anahitajika. Kwa maana moja ni kweli, anahitajika. Lakini kijana wa miaka 17 hulisikia neno hilo kwa sikio la uwanjani: anadhani anahitajika kukaba, kukimbia, kufunga. Haelewi kwamba pengine anahitajika kulala bwenini na kulipa. Kijana huyu hafiki Agosti kama mteja. Anafika kama shujaa wa kijiji chake, halafu anakuta mbele yake vijana 14 wanaoitaka nafasi ileile aliyoahidiwa, na wote waliambiwa maneno yaleyale.

Hapo ndipo kambi ya Agosti inapobadilika sura. Orodha ya nafasi hubandikwa ukutani, na jina lake lipo mstari wa nne. Kuanzia siku hiyo kazi yake ni kuigiza wapinzani wa wiki ijayo ili wale wa mstari wa kwanza wapate kujifunzia juu ya mwili wake. Msimu wa kawaida una mechi 10. Anaweza kuzimaliza zote bila kuvaa jezi ya mechi ya ugenini, kwa kuwa basi halina nafasi ya watu wote. Ufikapo mwaka wa pili, wengi wa aina hii huacha. Ni kweli kwamba wakiacha hawapotezi msaada wao. Lakini baadhi yao hawakukichagua chuo hicho kwa ajili ya masomo yake. Walikichagua kwa ajili ya ahadi, nayo ahadi ikishayeyuka hubaki na mkopo, mji usio wao na shahada ambayo wangeweza kuipata katika chuo cha umma karibu na kwao kwa gharama ndogo zaidi.

Kuna jambo lingine linaloongeza uzito wa mzigo huu, nalo ni ombi la mapema. Katika vyuo kadhaa vya kibinafsi mwanafunzi anaweza kutuma ombi mnamo Novemba kwa ahadi kwamba, akikubaliwa, atajiunga na chuo hicho na kuyaondoa maombi yake kwingineko. Makocha hupenda wachezaji wao watumie njia hii kwa kuwa huwahakikishia idadi. Mwombaji anaweza kujitoa iwapo msaada wa karo hautoshi, lakini atakuwa amekwisha kuipoteza nguvu kubwa aliyokuwa nayo, yaani uwezo wa kuziweka mezani barua tatu au nne za vyuo tofauti na kuzilinganisha. Mtoto wa tajiri hapati hasara hapo. Anayeumia ni mtoto wa fundi na wa muuguzi, ambaye tofauti ya dola 5,000 kwa mwaka ni tofauti ya kumaliza masomo au kuyakatiza.

Watetezi wa mfumo hujibu kwamba kijana si mtoto mdogo, na kwamba furaha ya kuvaa rangi za chuo kwa miaka minne haipimwi kwa fedha. Hoja hii ina nguvu, nayo haifai kubezwa. Wachezaji wengi wa Daraja la Tatu wanajua fika kwamba hawatakuwa wachezaji wa kulipwa. Ali Marpet, aliyetoka katika chuo cha Hobart mjini Geneva, New York, akachaguliwa na timu ya kulipwa mwaka 2015 katika raundi ya pili na kutwaa ubingwa wa taifa mwaka 2021, ni mmoja kati ya maelfu kwa maelfu. Waliobaki hucheza kwa sababu wanapenda. Chuo cha Macalester huko Minnesota, ambako Kofi Annan, mpatanishi wa Wakenya mwaka 2008, alihitimu mwaka 1961, kiliwahi kupoteza mechi 50 mfululizo kati ya mwaka 1974 na 1980, na bado kila Agosti vijana walijitokeza kuvaa helmeti. Mapenzi ya namna hiyo hayanunuliwi. Lakini ndiyo sababu hasa ya kuyalinda: kinachopendwa sana ndicho chepesi kutumiwa kama chambo.

Kwa upande mwingine, wapo wakosoaji wanaotaka futiboli iondolewe kabisa katika vyuo vidogo. Hawa nao wana ushahidi wao. Mwaka 2001 William Bowen, aliyekuwa rais wa Princeton, akishirikiana na James Shulman, alitoa utafiti ulioonyesha kwamba hata pasipo ufadhili wa kimichezo, wachezaji waliosakwa na makocha walipendelewa wakati wa kuingizwa chuoni, na kwamba alama zao darasani zilikuwa chini ya zilivyotarajiwa. Mnamo Desemba 2000 chuo cha Swarthmore, Pennsylvania, kilikuwa kimekwisha kuamua kuifuta futiboli, pamoja na mieleka na badimintoni. Hoja yake ilikuwa kwamba katika chuo kidogo kila nafasi iliyotengewa mchezaji ni nafasi iliyompita mwingine. Kwa chuo ambacho hulazimika kuwakataa waombaji wengi, hoja hiyo inaeleweka. Lakini vyuo vingi vya Daraja la Tatu si Swarthmore. Havina foleni mlangoni. Vingekuwa na viti vitupu. Humo mchezaji hampokonyi mtu nafasi. Yeye ndiye anayelipia taa za darasa analokaa mwenzake. Dawa ya Swarthmore haiwezi kuwa dawa ya wote.

Isitoshe, yafaa ikumbukwe kwamba kukosekana kwa ufadhili hakujawahi kuleta usawa uwanjani. Mount Union, chini ya Larry Kehres, ilitwaa ubingwa wa taifa mara 11 kati ya mwaka 1986 na 2012. Wisconsin-Whitewater, ambacho ni chuo cha umma chenye karo nafuu, kilitwaa mara sita kati ya mwaka 2007 na 2014. Mwaka 2017 chuo cha St. Thomas cha Minnesota kiliifunga St. Olaf kwa alama 97 kwa 0. Miaka miwili baadaye kilitakiwa kuondoka katika ligi yake kwa kuwa kilikuwa kimewazidi wenzake mno, na mwaka 2021 kikahamia Daraja la Kwanza moja kwa moja. Ukubwa wa chuo, bei yake na wingi wa watu wanaoweza kuumudu mlango wake hufanya kazi ambayo kwingineko hufanywa na ufadhili. Basi anayedai kwamba kanuni pekee imeusafisha mchezo anajidanganya.

Vilevile, futiboli si hirizi ya kukikinga chuo na kifo. Birmingham-Southern ya Alabama, chuo kilichoasisiwa mwaka 1856, kiliamua mwaka 2006 kushuka kutoka Daraja la Kwanza hadi la Tatu, na mwaka 2007 kikarejesha futiboli. Matatizo yake ya muda mrefu ya fedha hayakutibika. Tarehe 31 Mei 2024 kilifunga milango yake, siku ambayo timu yake ya besiboli ilikuwa ingali Ohio ikishiriki fainali za taifa za Daraja la Tatu. Vijana wale walicheza wakikiwakilisha chuo ambacho hakikuwapo tena. Picha hiyo ingetosha kumfundisha kila rais wa chuo kwamba mchezaji anaweza kukipa chuo jasho lake na karo yake, lakini hawezi kukiendesha.

Ni lipi basi la kufanya? Kanuni ya kutotoa ufadhili wa kimichezo ibaki, kwa maana uhuru wa kuacha ni wa thamani kuliko hundi ambayo ingeufuta. Kinachohitajika ni ukweli, na ukweli huo unaweza kuwekwa katika mambo matatu. Kwanza, kijana asiombwe kujifunga kwa chuo chochote kabla hajapewa kwa maandishi kiasi ambacho familia yake italipa kwa mwaka wa kwanza, na masharti ya msaada huo kuendelea hadi mwaka wa nne. Sheria ya Marekani imevitaka vyuo tangu mwaka 2011 kuweka kwenye tovuti zao kikokotoo cha gharama halisi. Kocha awe wa kwanza kumwelekeza mzazi huko, asiwe wa mwisho. Pili, kila chuo kichapishe hesabu ya kikosi chake: waliokuja Agosti ni wangapi, waliocheza walau mechi moja ni wangapi, na waliodumu hadi mwaka wa nne ni wangapi. Mzazi akiambiwa kwamba katika vijana 60 waliotangulia ni 15 waliobaki, hatahitaji ushauri mwingine. Tatu, kocha asipimwe kwa vichwa alivyoleta, bali kwa waliohitimu, wakiwemo wale walioacha mchezo njiani. Chuo kinachompima kocha kwa vichwa kimemfundisha kuhesabu watu kama mifuko ya saruji.

Huenda msomaji akauliza mambo haya yanaihusu vipi Kenya, nchi ambayo futiboli ya Kimarekani haina mizizi. Yanaihusu. Tangu miaka ya 1970 wanariadha wa Kenya wamekuwa wakivuka bahari kwenda kusoma Marekani kwa nguvu za miguu yao. Henry Rono alikuwa mwanafunzi wa Washington State alipovunja rekodi nne za dunia katika muda wa siku 81 mwaka 1978. Kutokana na mifano kama hiyo, katika vijiji vingi vya Bonde la Ufa barua ya kocha wa Marekani imekuwa sawa na karo iliyolipwa. Lakini vyuo vya Daraja la Tatu navyo vina timu za mbio na za soka, na makocha wake nao huandika barua. Barua hizo ni za heshima na mara nyingi ni za nia njema, ila aliyeziandika hana mamlaka ya kutoa hata senti moja kwa sababu ya kasi ya mtu. Mwanafunzi wa kigeni hastahiki misaada wala mikopo ya serikali ya Marekani, na ili apate viza ya masomo hutakiwa kuthibitisha kwamba ana fedha za kumtosha. Familia inayouza shamba kwa kuiamini barua ambayo haikuahidi chochote inaweza kulilia choo. Swali la kumwuliza kocha wa aina hiyo ni moja, na halina utovu wa adabu: "Mwanangu asipocheza hata siku moja, je, chuo chenu kingali ndicho chuo kinachomfaa, na familia yake italipa kiasi gani?"

Kocha mkweli hatalikwepa swali hilo. Atalijibu kwa tarakimu, na jibu lake likiwa zuri, kijana na aende, avae helmeti yake mnamo Agosti, akae hata mstari wa nne iwapo moyo wake umeridhia. Atakuwa amechagua huku macho yake yakiona. Hatimaye, maana ya kutunzwa haiishii kwenye sarafu. Mcheza kwao hutunzwa pia kwa kuambiwa ukweli kabla hajaingia uwanjani. Chuo ambacho hakiwezi kumpa kijana fedha bado kinaweza kumpa tuzo hiyo, na haigharimu chochote.